Blanketi la Fideli

Juzi nilipita sokoni asubuhi wakati vijana wanafungua belo la mitumba, na ile harufu ikanikuta kabla sijaziona nguo zenyewe. Anayeijua anaijua: harufu ya dawa, ya vitu vilivyokaa gizani muda mrefu, na ya sabuni ya watu wengine. Wenzangu waliinama kuchagua. Mimi nilisimama pembeni nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, maana nikiinusa harufu hiyo mikono yangu huingia baridi hadi leo, na kwa umri nilio nao naona aibu kumweleza mtu kwa nini.

Kwetu ni Chanji, Sumbawanga. Watu wa kwingine hudhani nchi yetu nzima ni joto. Waje Ufipa kipupwe kikiwa kimekolea, upepo ukipita juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa bila kukutana na mti wa maana, ukaingia ndani pale bati linapoachana na ukuta. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Tulikwenda shule tumebana mikono kwapani, na mwalimu hakutuambia tuitoe, kwa sababu na yeye ya kwake ilikuwa mfukoni.

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja mjini, kwa hiyo nyumba yetu haikuijua baridi kama nyumba nyingine. Kila jioni alirudi na mfuko wa vipande: ncha za vitenge, kola zilizokosewa, mabaki ya sare za shule, tetroni ya suruali za walimu. Mama alivifua, akavichagua kwa unene wala si kwa rangi, halafu akakaa mlangoni kwenye mwanga na kuviunga kimoja kimoja kwa mkono. Chini aliweka gunia la sukari lililofuliwa mpaka likalainika, juu vipande, katikati akashindilia takataka za kitambaa zisizofaa kuungwa, kisha akapita kote na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kwa uzi aliofumua kwenye magunia. Lilitoka blanketi zito, baya kulitazama, na mtu akijifunika hilo alisahau kama kuna kipupwe.

Mama hakujali ubaya wake. Akiambiwa rangi hazipatani, alijibu, "Mtoto akilala anafumba macho." Watoto wengi wa mtaani kwetu waliozaliwa wakati wa baridi walifunikwa na kazi ya mikono yake. Mwenye mahindi alileta mahindi, mwenye maharage alileta maharage, na asiye na kitu alipewa vilevile. Kila mwaka alitenga moja au mawili kwa ajili ya yatima waliolelewa na kanisa, akayabeba kichwani mwenyewe. Alirudi kutoka huko anatembea kwa maringo kidogo, na sisi tulimcheka.

Halafu mambo yakawa ruksa. Kabla ya hapo watu walipanga foleni kupata kitambaa, wakigombana nani katangulia. Sasa malori yalipanda kutoka Tunduma yamebeba mabelo, na nguo za Ulaya zikamwagwa chini juu ya maturubai, suruali, makoti, sidiria, mtu achague anachotaka. Nani tena angempelekea fundi kitambaa na kungoja wiki mbili apimwe, aambiwe rudi kesho, arudi akute mkono mmoja bado? Mafundi pale barazani wakabaki wanapiga soga na cherehani zimefunikwa. Mimi sikujua kwamba vipande vya mama vilitokana na nguo mpya za watu. Nilidhani vinaota tu pale barazani. Siku baba aliporudi mikono mitupu nilifikiri amevisahau, nikamwambia kesho asisahau, naye akaniambia, "Sawa, mama."

Baada ya mavuno baba alikwenda Laela, kwa wanunuzi wa mahindi, kushona midomo ya magunia. Kulala kulikuwa nje, palepale juu ya mzigo, basi mama akamfungia blanketi letu kubwa, la mwisho lililokuwa na afya. Mengine yalikuwa yamechakaa, au yalikwisha kwenda kwa majirani siku zile tulipoamini vipande haviishi. Mama alikuwa mjamzito na aliona ana muda wa kutosha kupata jingine.

Hakuwa nao. Fideli alizaliwa kabla ya wakati wake, njiti, kichwa kikiwa sawa na embe dogo, ngozi yake nyembamba hata unaona mishipa. Muuguzi alimbatiza palepale hospitali, kwa maji ya kwenye kikombe. Siku mama aliporuhusiwa nilikuwepo, nimebeba beseni, na nilisikia alichoambiwa. Muuguzi alisema, "Mama Yusta, huyu sina dawa ya kumpa. Dawa yake ni joto. Mnyonyeshe, na asipigwe na baridi hata kidogo." Alivyosema niliona ni jambo jepesi, kama kutumwa chumvi.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuja kutoka upande wa Kaengesa kutusaidia. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, Mkatoliki asiyekosa misa, aliyeongea Kifipa na sisi na Kiswahili na Mungu. Alileta unga, alileta ulezi, alileta na shuka lake mwenyewe akamfunika mama. Shuka lilikuwa limekwisha, ukiliinua unaona mlango kupitia kwake. Mama alimweka Fideli kifuani ndani ya gauni, lakini naye alikuwa amepungukiwa damu, anatetemeka, na tukimgusa mtoto miguu tulikuta ni baridi. Tuliwasha magunzi kwenye kigae na kukiweka karibu na kitanda. Moshi ulimfanya akohoe, tukakiondoa. Baridi ikarudi, tukakirudisha.

Ndipo mama aliponituma kwa Deo. Deo alikuwa kijana wa mitumba, mwenye kofia ya sufu hata jua linapowaka, aliyewahi kujifunza ushonaji kwa baba kabla hajaruka upande wa pili. "Mwambie fundi wake ana shida," mama alisema. "Anipe yasiyouzika." Deo hakuuliza mara mbili. Alinijazia mfuko wa nguo zilizokataliwa: masweta yenye matundu kwenye viwiko, kikoti cha mtoto ambacho zipu imekufa, kisuruali cha kordrai chenye doa la rangi. "Msalimie mama," akaniambia. "Mwambie akikosa uzi aseme."

Mama alikaa kitandani na kushona, mtoto kifuani, shazia ikipita karibu na kile kichwa kidogo kiasi kwamba mimi niligeuka ukutani. Sijawahi kuona blanketi kama lile. Lilikuwa dogo, la kumtosha yeye na kubaki kidogo, na lote lilikuwa sufu: nyekundu, kijani iliyoiva, mistari ya bluu, na katikati ile kordrai ya kahawia. Ukiliweka mkononi liliushika mkono. Mama alilinusa, akakunja uso, akaniambia nilianike juani ile harufu itoke.

Bibi alitoka shambani akalikuta kwenye kamba. Nikiwa nimesimama pale akaligusa, akauliza limetoka wapi, nikamwambia. Mitumba kwetu siku zile watu wengi waliiita kafaulaya, yaani mwenye nguo kafa Ulaya, na wengi walilitamka hilo jina huku wanacheka na wanavaa. Bibi hakucheka. Aliingia ndani akachukua mabaki ambayo mama alikuwa hajayatumia, akakipata kipande cha kile kisuruali kilichobaki na mfuko wake, akaugeuza mfuko nje. Mchanga ukamdondokea kiganjani. Ulikuwa mchanga mweupe, laini, ambao haufanani na udongo wowote wa Ufipa.

"Unauona?" aliniuliza.

Niliuona. Leo ninajua kwamba kuna mtoto mahali fulani alicheza mchangani na mama yake hakukagua mifuko, basi. Lakini siku ile mimi na Bibi tuliangaliana, na wote wawili tulijua ni udongo wa kaburi.

Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda akaongea na mama kwa upole, na upole ule ndio uliotumaliza. Kwetu mtu akifa, nguo zake hazichukuliwi hivihivi. Ndugu wanakaa, pombe inanywewa, anatajwa, halafu mkubwa wa ukoo anasema hii tunampa fulani na hii tunampa fulani, na watu wanaitikia. Nguo ambayo haijagawiwa bado ni yake. Mwenyewe anaweza kuifuata. "Mtu mzima ataweza kugombana naye," Bibi alisema. "Huyu je? Hana hata jino. Wewe mwenyewe umeshazika wawili, Mama Yusta. Nani alikuambia walikufa kwa nini?"

Nilitegemea mama abishe. Mama alikuwa na mdomo, baba mwenyewe alimwogopa. Lakini alipotajiwa wale wawili, wadogo zangu niliowaona kwa siku chache tu, aliinamisha kichwa. "Sasa nifanyeje, Mama?" akauliza. "Muuguzi alisema joto."

"Tutawagawia sisi," Bibi akasema. "Kama huko kwao hakuna aliyekaa akagawa, tutakaa hapa."

Na alimaanisha. Alikusudia kuwafanyia matanga Wazungu asiowajua, watoto na watu wazima, walioacha masweta yao, ili nguo zitoke kwao kwa heshima na zimfikie mjukuu wake bila deni. Nikisimulia hili leo watu hucheka, na mimi huwaacha wacheke, kwa sababu kweli linachekesha. Ila Bibi alikuwa mtu wa haki. Hakutaka mtoto wetu apone kwa kitu cha kuporwa.

Matanga yanataka pombe, pombe inataka kimea, na ulezi hauoti kwa amri. Bibi aliuloweka siku ileile, akautandaza kwenye ungo karibu na moto na kuufunika kwa gunia. Baridi iliyokuwa inamtesa Fideli ndiyo iliyouzuia ulezi. Kila asubuhi alifunua, akatazama, akafunika tena vizuri pembeni zote. Mimi nilikwenda nyuma yake nikachungulia, nikauombea uote, nikiamini kwamba vile vijimea vikitokeza tu mdogo wangu atakuwa amepona. Mama alilala anatutazama. Siku moja akasema, bila kupandisha sauti, "Mama, ulezi una gunia. Mwanangu ana khanga."

Bibi alitoka nje, akarudi amevua kitenge chake cha juu, akamfunga Fideli nacho, naye akabaki na gauni jepesi kwenye upepo ule. Alikohoa wiki nzima. Nataka mtu asiseme kwamba bibi yangu hakumpenda.

Kimea kikaota, kikaanikwa, kikasagwa. Pombe ikapikwa na kuwekwa ichachuke. Majirani wakaambiwa siku, na walikubali kuja, wengine kwa imani, wengine kwa pombe. Jumapili ikaingia kabla ya siku yenyewe. Bibi akaenda misa, akaniacha mimi na mama na Fideli, ambaye kilio chake kilikuwa kimekuwa chembamba, hakikomi, kama mlango usiotiwa mafuta.

Bibi alipokwisha kutoweka machoni mama aliniambia, "Lete." Sikuuliza nini. Nilikwenda nikalitoa kule lilikokunjwa, nikilishika kwa ncha za vidole. Mama alimfungua Fideli kifuani, akamlaza, akamfunika, akamzungushia vizuri miguuni, akaweka kiganja chake juu. Tukangoja.

Kilio kikapungua. Kikakatikakatika, kikanyamaza. Uso wake, ambao tangu azaliwe ulikuwa umekunjwa kwa kulalamika, ukakunjuka. Ngumi zikafunguka. Mashavu yalikuwa ya kijivu, yakabadilika rangi. Akalala, na hatukuwahi kumwona amelala namna ile, ametulia kabisa hata kifua hukioni kikipanda. Mimi nikamtazama mama. Mama alikuwa amemkodolea macho mtoto.

"Wanamchukua," akasema.

Akalivuta blanketi kwa nguvu, likaanguka sakafuni. Fideli akashtuka, akatupa mikono hewani, akaanza tena kile kilio chembamba, na mama akamkumbatia kifuani akilia na kumshukuru Mungu kwamba analia. Nami nilishukuru. Nililisukuma blanketi kwa mguu mpaka chini ya kitanda. Nimezaa, nimelea, nimeshika njiti wa watu wengine, na ninajua sasa tulichokiona siku ile. Mtoto alikuwa amepata joto. Ilikuwa mara yake ya kwanza, akanyamaza kama anavyonyamaza mtoto yeyote aliyeshiba na kupata joto, nasi hatukuwa tumewahi kumwona hivyo, tukadhani ni kifo.

Alifariki kesho yake asubuhi, nimekwenda kisimani. Niliporudi kilio hakikuwepo, na safari hii miguu yake ilikuwa ya baridi hadi magotini. Kichanga kama yeye huzikwa na wanawake wachache, bila mambo mengi, na hawekewi matanga. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale wawili. Walimzika mchana uleule katika kitenge cha Bibi. Tulimtumia baba habari kwa kondakta wa basi la Laela, na hatukujua itamfikia lini.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya pombe. Nilidhani itamwagwa. Lakini ilikuwa imechachuka vizuri, watu walishaambiwa, wakaja, wakakaa uani wakiwa hawajui waje na uso gani. Bibi alitoka ndani na lile blanketi mikononi. Alikuwa ameinama chini ya kitanda akalitoa yeye mwenyewe, akalikung'uta vumbi. Akajifanyia ishara ya msalaba, akamwaga pombe kidogo chini, akaongea kwa Kifipa, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na wageni.

Alisema: ninyi wenye nguo hizi, hatuwajui majina. Hatukuwaona mkiugua, hatukuwazika. Kama hakuna aliyewakalia matanga, sisi tumewakalia. Nguo hizi tunampa mtoto wetu Fideli.

Watu wakatazamana. Mzee mmoja jirani akakohoa, akasema kwa upole, "Mama, lakini mtoto..."

"Ninajua," Bibi akasema. "Muitikie."

Wakaitikia, apewe. Bibi akalikunjua blanketi, akalikunja upya, na hapo nikaona mikono yake inashindwa kukutanisha pembe. Akaendelea: Fideli naye amekwenda. Watu wanasema kichanga hana matanga, hana cha kugawa. Huyu anacho. Mali yake ni moja, imegharimu mikono ya mama yake, na hakuwahi kuilalia. Tunampa dada yake, Yusta.

Wakaitikia tena. Mama alikuwa amekaa kizingitini, khanga imemfunika kichwa, hakuitikia wala hakukataa. Bibi alinijia akaniwekea blanketi mabegani. Nilitaka kukimbia. Nilinusa ile dawa, na ndani yake, kidogo sana, nikanusa maziwa. Lakini mbele ya watu wazima mtoto hakimbii, nikapiga goti nikasema asante, Bibi.

Usiku huo nilijifunika nikiwa na uhakika kwamba watakuja, wale wa mchangani, na labda Fideli akiwa pamoja nao. Nilikusudia kukesha. Lakini joto lilinianzia tumboni, likashuka miguuni, miguu ambayo haikuwa imepata joto tangu baba aondoke, na usingizi ukaniwahi kabla ya woga. Nilipofumbua macho jua lilikuwa tayari ukutani.

Mama alikuwa ameamka, amekaa kwenye kigoda, maziwa yamemlowesha gauni. Bibi alikuwa amepiga magoti jikoni akipuliza moto. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama muda mrefu, mimi na blanketi.

"Ulipata joto?" akaniuliza.

Nilimtazama Bibi, nikaona mgongo tu. Sikuwa na namna. "Nilipata," nikasema.

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa nalo siku nyingi.

"Nilijua lina joto," akasema, na Bibi akaacha kupuliza.